Mahindi yaliyokataliwa na watu yasigeuzwe chakula cha mbwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wafugaji wengi wa mbwa jijini Nairobi wanalijua lakini hatulisemi waziwazi, nalo ni mazoea ya kuwapelekea mbwa nafaka ambazo zimekwisha kuonekana hazifai kuliwa na watu. Gunia la mahindi likinyeshewa njiani au likiota kuvu ghalani, mwenyewe hulitenga kando na kusema hilo ni la mbwa, kisha husagwa, huchanganywa na pumba na kuuzwa kwa gorogoro, yaani kwa kipimo cha kopo, kama unga wa mbwa. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mtu wa kipato kidogo aliyefuga mbwa ili amlindie nyumba au kibanda cha biashara, huondoka akiamini kwamba amenunua chakula.

Kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu kama ilivyozoeleka siku hizi, na nchi yetu haina kisingizio cha kutoijua. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Novemba 2019 Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika unga wa kuliwa na watu ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, na ingawa usimamizi una mapengo yake, angalau kiwango kipo, kinajulikana na mtu anaweza kuulizwa. Mbwa naye ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi mno na sumu hii, kwa sababu ini lake halina uwezo mkubwa wa kuivunja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa malisho yaliyohifadhiwa vibaya, kwa hiyo si jambo tunalolisikia leo kwa mara ya kwanza.

Nimewasikia wauzaji wakiwaambia wateja kwamba unga ukipikwa ukaiva vizuri hauna neno. Hilo si kweli, na ni vyema lisemwe bila kuzungukazunguka. Moto wa jiko huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa ugali. Vilevile pua na macho havitoshi kuamua, maana mahindi yanaweza kuwa na sumu nyingi na bado yakasagika unga mweupe usio na harufu. Kinachoonekana kwa macho ni kile kilichoharibika kupita kiasi, na inasikitisha kwamba hata hicho hununuliwa.

Jirani yangu hapa Kasarani alikuwa na dume la German Shepherd, mbwa mwenye nguvu na utiifu, aliyelishwa ugali wa unga huo asubuhi na jioni. Alianza kwa kukataa chakula, akafuatia kutapika na kulala mchana kutwa, na kinyesi chake kikawa cheusi. Daktari wa mifugo alipofika alimfunua mdomo wa juu, akatuonyesha ufizi ambao ulipaswa kuwa wa waridi ukiwa umegeuka manjano, na weupe wa macho vivyo hivyo, akatueleza kwamba ini lilikuwa limeharibika. Tulipomimina unga uliosalia kwenye sinia, ulitoka na mabonge yaliyoshikana, na bonge likivunjwa kati lilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, likitoa vumbi la kukereketa koo. Mbwa yule alikufa. Unga ule haukupelekwa maabara kwa sababu hapakuwa na fedha za kuupima, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe, kwani sumu isiyopimwa haimtii mtu yeyote hatiani na mfuko mwingine unaendelea kuuzwa kesho yake.

Sheria hatuzikosi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani mwenye mnyama anayemshindisha njaa au kumlisha kidogo kuliko mahitaji yake, na kuna Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, inayohusu ubora wa malisho yanayouzwa. Ninachokiona madukani ni kwamba chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku hufuatiliwa kwa kiasi fulani, kwa kuwa maziwa na mayai hurudi mezani kwetu, na sumukuvu anayoila ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa yake. Mbwa hatoi maziwa ya kuuzwa, kwa hiyo unga wake umeachwa kama yatima. Huko ni kukosea kwa namna mbili, kwanza kwa mnyama anayekesha getini ili sisi tulale, na pili kwa watu, kwa sababu unga usio na jina la aliyeusaga, usio na tarehe na unaouzwa bei ya chini katika msimu ambao unga wa kawaida umepanda, hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba utaishia kwenye bakuli la mbwa.

Chakula kikavu cha viwandani nacho kina shida yake, na haitokani na kiwanda peke yake. Maduka mengi ya agroveti, yaani ya dawa na vyakula vya mifugo, hununua gunia kubwa, hulifungua na kupimia wateja kilo moja moja kwenye mfuko usio na maandishi. Naelewa sababu yake, kwa maana si kila mtu ana fedha za gunia zima. Lakini gunia likikaa wazi wiki nyingi, mafuta yaliyomo huchacha, baadhi ya vitamini hupungua, unyevu wa msimu wa masika huingia na panya hawangoji kukaribishwa. Juu ya hayo, mnunuzi hajui chakula kimetengenezwa na nani, kwa mbwa wa umri gani, wala kinakwisha muda lini. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020, ilibainika kwamba chakula kikavu cha mbwa kilichokuwa na mahindi yenye aflatoksini kilikuwa kimesambazwa madukani, na mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ikapokea taarifa za zaidi ya mbwa 110 waliokufa. Wenye mbwa walitangaziwa aina ya chakula na namba za toleo, wakaenda kuangalia magunia yao jikoni. Tangazo la namna hiyo likitolewa Nairobi leo, aliyepimiwa kilo mbili kwenye mfuko mtupu ataangalia nini?

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya watu wa mitaa ya kitajiri kama Karen na Runda, na kwamba wa Kayole au Githurai atalisha mbwa alichojaliwa. Nalichukulia jibu hilo kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe naishi miongoni mwa watu wanaohesabu shilingi. Basi na tuhesabu. Mbwa mzima aliyehasiwa mwenye kilo 25, kwa hesabu wanayoitumia madaktari wa mifugo, huhitaji takriban kilokalori 1,250 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360 na gramu 8 za protini, kwa hiyo akipewa ugali mtupu atahitaji kama gramu 350 za unga ili ashibe, nazo zitampa gramu 28 za protini. Viwango vya AAFCO, chama cha maafisa wa Marekani wanaosimamia malisho ya wanyama, vinataka mbwa huyo apate angalau gramu 56. Amepata nusu tu, na hata nusu hiyo ni pungufu kwa ubora, kwani protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, sehemu mbili za kujengea protini ambazo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea. Upande wa kalsiamu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ugali huo hautampa hata sehemu moja kwa ishirini ya anachohitaji. Ndiyo maana tunaona mitaani mbwa wenye tumbo lililojaa na manyoya yaliyofifia, wenye mifupa ya mgongo inayohesabika, na wenyewe wanashangaa kwa kuwa sufuria inarudi tupu kila siku.

Sisemi ugali ni sumu. Mbwa si simba, na miaka elfu nyingi ya kuishi na binadamu imempa uwezo wa kumeng'enya wanga ambao mbwa mwitu hana kwa kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba ugali wake uwe wa unga ule ule tunaoula sisi, kisha uongezewe kinachokosekana. Omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, inatufaa sana katika hili, kwa kuwa huliwa nzima pamoja na mifupa yake midogo, na gramu 60 za omena kavu humwongezea mbwa zaidi ya gramu 30 za protini na kalsiamu juu yake. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, ichemshwe bila chumvi, kisha unga ukorogewe katika maji hayo hayo. Dagaa waliotiwa chumvi si mbadala mzuri mpaka walowekwe na kumwagwa maji. Mboga kama karoti au sukuma wiki iliyokatwa na kuchemshwa si lazima iwe nyingi. Kwa asiye na omena, maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini ni chanzo cha kalsiamu kisicho na gharama, na kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2. Hata hivyo chungu cha nyumbani hakifikii kila vitamini na kila madini, kwa hiyo anayelisha hivi mwaka mzima amwombe daktari wa mifugo amwelekeze kirutubishi cha kuongeza. Kwa mwenye uwezo wa chakula kikavu, mbwa niliyemtaja atahitaji gramu 350 hadi 400 kwa siku ikiwa chakula kina kilokalori zipatazo 350 kwa gramu 100, na mtu akiigawa bei ya gunia kwa siku litakazodumu, ataona kama linamzidi kweli au la. Ninachosisitiza ni kwamba ulinganisho ufanywe kwa gharama ya siku, maana unga wa bei rahisi unaopaswa kujazwa sufuria mara mbili, na baadaye kumleta daktari nyumbani, si wa bei rahisi.

Wapo pia vijana wanaofuga mbwa wakubwa wa ulinzi ambao wamesikia kwamba mbwa ni mla nyama, wakaamua kumpa nyama tupu kutoka buchani. Hao nao nawasihi wasikilize. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mwili wa mbwa unataka kalsiamu isipungue fosforasi, na ikizidi isizidi maradufu. Mtoto wa mbwa anayelelewa kwa nyama tupu huvuta kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe, miguu ikapinda, na mfupa ukavunjika kwa kuruka tu kutoka kibarazani. Nimeona watu wakimlaumu aliyewauzia mbwa kwamba mbegu ni mbovu, kumbe mbegu haikuwa na kasoro.

Kuhusu mapafu, maini na matumbo yanayouzwa kando kwa jina la nyama ya mbwa, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu inamgusa mtoto wa nyumbani. Ndani ya mapafu na maini ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye mabuu ya tegu wa mbwa, aina ya mnyoo bapa wa utumboni. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huweza kuota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Turkana ilijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na madaktari walifanya kazi kubwa huko ya kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Nairobi inapokea mifugo kutoka kote nchini kupitia machinjio kama ya Dagoretti na Kiamaiko, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni habari ya mbali. Kiungo ambacho mkaguzi wa nyama amekikataa kiangamizwe, kisiuzwe mlango wa nyuma kwa mwenye mbwa, na hicho kilichopita ukaguzi kichemshwe mpaka kiive hadi ndani. Dawa ya minyoo atakayopewa mbwa iwe na prazikwanteli, kwani si kila kidonge cha minyoo kinamuua tegu huyu.

Makombo ya mezani nayagusia kwa ufupi. Mchuzi wetu haukosi kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 zinatosha kuleta madhara, kiasi cha kitunguu kimoja kikubwa. Kitunguu saumu kiko kundi moja nacho. Mifupa ya kuku na ya nyama choma hupasuka vipande vyenye ncha, ikatoboa utumbo. Chokoleti, zabibu na peremende zenye zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ni hatari, na makadamia, ambayo sasa inalimwa kwa wingi kuanzia Murang'a hadi Meru na kuuzwa barabarani, humlegeza mbwa miguu ya nyuma akatetemeka na kutapika. Unga wa mandazi uliotiwa hamira usiachwe mahali anapoweza kuufikia, maana huendelea kuumuka tumboni.

Anayenunua chakula cha dukani asiangalie picha iliyo mbele ya gunia, aligeuze. Atafute maneno yanayosema kwamba ni lishe kamili, na kwa mbwa wa umri gani, kwa sababu vipo vyakula vya kuongezea tu ambavyo havikukusudiwa kuliwa peke yake. Viambato hupangwa kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Protini ya mbwa mzima isipungue asilimia 18 ya chakula kikavu, na ya mtoto wa mbwa au jike anayenyonyesha isipungue 22.5. Mtoto wa mbwa apewe mara tatu au nne kwa siku kwa vipimo vidogo. Baada ya hapo mwili wa mbwa wenyewe ndio utakaosema. Mtu apitishe vidole ubavuni bila kukandamiza: mbavu zihisike kirahisi lakini zisionekane kutoka mbali, na akimtazama kutoka juu aone kiuno kikibonyea nyuma ya mbavu. Zikionekana zote, chakula ni haba au kuna minyoo. Zisipohisika kabisa, na mbwa wa aina hiyo nimeanza kuwaona wengi katika nyumba za ghorofa, kipimo kipunguzwe.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti, Wizara ya Kilimo na KEBS ni kwamba unga wowote unaouzwa kwa jina la chakula cha mbwa upimwe sumukuvu kama unavyopimwa unga wa watu, ufungwe katika mfuko wenye jina la msagaji, tarehe na kiasi cha protini, na mahindi yaliyokataliwa yaangamizwe mbele ya afisa badala ya kurudishwa sokoni yakiwa na mnunuzi mwingine. Wenye maduka ya agroveti, ambao wengi wao ni watu waungwana na ndio washauri wa kwanza tulio nao mtaani, nawaomba waendelee kutupimia kilo moja moja, lakini gunia lifunikwe, libaki na lebo yake, na namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi viandikwe kwa kalamu kwenye mfuko wa mteja.

Tena ningeomba afisa wa mifugo anayehusika ajibu kupitia ukurasa huu huu, kwa sababu nimewauliza wengi na kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake: mfugaji wa Kasarani au Mukuru aliye na unga anaoushuku, mbwa wake akiwa bado hai, aupeleke wapi upimwe, atasubiri majibu kwa muda gani, na gharama ni ya nani?

Mfugaji wa mbwa,
Kasarani, Nairobi